Tulimzomea Isak, tukampigia Wissa makofi

Mimi ni mtu wa Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, Kongo, na ni kwa sababu hiyo tu nikawa pia mtu wa Newcastle ya Uingereza. Jezi ni ileile, nyeusi na nyeupe. Sisi tunaitwa Kunguru, na wao jina lao la utani ni la ndege mwenye madoa meusi na meupe wa ukoo huohuo wa kunguru. Ni binamu. Siku ya kwanza nilipowaona kwenye televisheni ya buveti (baa) moja komini ya Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, ndugu wa Nairobi mtusamehe), nilifikiri Mazembe wamekwenda Ulaya kucheza mechi ya kirafiki.

Basi kipupwe cha 2025 kilinitesa. Wakati Ulaya wanavua mashati kwa joto, huku sisi tunaamka na sweta, vumbi jekundu limejaa puani, na mtu anaota moto wa makaa huku anatazama simu: Newcastle wamempata mshambuliaji? Hawajampata. Kila asubuhi ni hivyo, miezi mitatu. Nilimaliza mega za intaneti nyingi kuliko bukari, ugali wetu.

Na ulikuwa mwaka ambao walipaswa kulala usingizi. Tarehe 16 Machi walikuwa wameifunga Liverpool 2-1 pale Wembley na kubeba Kombe la Ligi, taji lao la kwanza kubwa la nyumbani tangu 1955. Wakamaliza wa tano, wakapata Ligi ya Mabingwa. Alexander Isak alikuwa amefunga mabao 23 ya ligi. Callum Wilson mkataba wake ukaisha, akaenda zake. Nyuma ya Isak akabaki kijana wa Denmark, William Osula, ambaye hakuna aliyemtegemea kuvuka msimu peke yake. Kazi ilikuwa nyepesi kuitaja: leta mshambuliaji mmoja wa kumsaidia Isak. Halafu Isak naye akataka kuondoka, na mmoja wakawa wawili.

Liam Delap akaenda Chelsea. João Pedro naye Chelsea. Hugo Ekitike walimpelekea Frankfurt dau la karibu pauni milioni 70, likakataliwa, siku chache baadaye yuko Liverpool. Benjamin Šeško akachagua Manchester United, timu iliyotoka kumaliza ya 15 na isiyokuwa hata na kikombe cha Ulaya cha kucheza. Hilo la Šeško liliniuma zaidi ya yote. Mtu anakataa Ligi ya Mabingwa kwako anakwenda kwa jirani ambaye nyumba yake inavuja!

Wengi walisema ni bahati mbaya. Mimi sikubali. Mwishoni mwa Juni mkurugenzi wa michezo, Paul Mitchell, aliondoka. Mkurugenzi mtendaji, Darren Eales, alikuwa njiani kuondoka kwa sababu ya ugonjwa. Yaani nyumba inatafuta kitu kigumu kuliko vyote sokoni, na mtu wa kusema ndiyo au hapana hayupo mezani. Fedha za wenyewe Wasaudi zipo, ingawa sheria za matumizi za ligi haziwaruhusu kuzimwaga wanavyotaka, lakini fedha bila mtu wa kuamua ni sawa na mtu anayezunguka soko lote la Kenya na bahasha ya mshahara mkononi. Mama muuza unga anaiona bahasha kabla hujafungua mdomo. Ukirudi mara ya pili, bei imepanda. Ukirudi jioni, anajua nyumbani watoto wanasubiri, na hapo unalipa anachosema yeye.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Yoane Wissa, mshambuliaji wa Brentford na wa timu yetu ya taifa. Dau la kwanza kwa Brentford lilikuwa la kama pauni milioni 25. Dau la mwisho, 55. Ni mchezaji yuleyule, miguu ileile, mkataba uliobaki mwaka mmoja na chaguo la klabu kuongeza mwingine, na siku mbili tu kabla hajatimiza miaka 29. Sisemi hana thamani hiyo, alikuwa ametoka kufunga mabao 19 ya ligi. Nasema milioni 30 za ziada zilikuwa bei ya kuchelewa.

Hapo kati nilijipa moyo kwa kukumbuka 2010. Mwaka ule Trésor Mputu, mchezaji wetu bora kuliko wote, alifungiwa na FIFA kwa mwaka mzima baada ya vurugu za Kombe la Kagame kule Kigali. Jiji lote tulikaa kama kwenye matanga. Mazembe hawakukimbia kununua Mputu mwingine, kwa sababu hakuwepo. Wakaifunga Espérance 5-0 hapa hapa kwenye mechi ya kwanza ya fainali, wakabeba Ligi ya Mabingwa Afrika, na Desemba kwenye Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi Kabangu na Kaluyituka wakaizamisha Internacional ya Brazili 2-0. Kwa hiyo nilijiambia timu inaweza kuishi bila namba tisa, mshambuliaji wa kati. Tarehe 16 Agosti Newcastle wakaenda kwa Aston Villa, winga Anthony Gordon akiwa amesimamishwa mbele. Villa wakabaki kumi uwanjani. Bado 0-0. Sikujiambia tena.

Isak wakati huo alikuwa hachezi. Hakwenda na wenzake kwenye ziara ya Asia, akafanya mazoezi peke yake Hispania kwenye viwanja vya klabu yake ya zamani. Tarehe 19 Agosti akaandika kwamba aliahidiwa jambo, ahadi ikavunjwa, na imani ikaisha. Klabu ikajibu jioni ileile kwamba hakuna mtu wake aliyewahi kumwahidi kuondoka. Na sisi huku, ambao hatukuwa ndani ya chumba hicho, tukatoa hukumu bila kusita. Msaliti. Mwizi. Mtu asiye na shukrani. Nakiri nilikuwa wa kwanza kusema.

Jumatatu ya tarehe 25 tulijazana buveti kutazama Liverpool, timu ileile iliyokuwa inamtaka Isak. Saa tatu usiku, baridi, kila mtu kakumbatia chupa yake kana kwamba ni chai. Gordon akapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili hakijapata hata dakika mbili, akafunga nani? Ekitike, yule tuliyemkosa. 2-0. Nikaanza kutafuta kofia yangu. Halafu Bruno Guimarães akarudisha moja, na dakika ya 88 Osula, ndiyo, Osula tuliyekuwa tunamcheka, akasawazisha. Meza iliruka. Na palepale umeme ukakatika.

Mwenye buveti akakimbilia jenereta, jenereta ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena. Watu arobaini gizani wanaimba. Picha iliporudi tulikuta wachezaji wa Liverpool wamelundikana kwenye kona. Kijana wa miaka 16, Rio Ngumoha, alikuwa amefunga dakika ya mia. Wengine walikataa kuamini mpaka marudio yalipoonyeshwa mara ya tatu.

Katika ukimya ule ndipo laana za Isak zilipoanza upya, na ndipo Papa (mzee) mmoja wa pale, mstaafu wa reli, mtu wa Lupopo damu, mahasimu wetu wa jijini, aliyekuja kwa ajili ya kutucheka tu, akauliza swali ambalo halijanitoka mpaka leo. Wakati huo Wissa naye alikuwa ameshaondoka kambini kwa Brentford kule Ureno tangu Julai na hachezi, anataka kwenda Newcastle, na sisi tulikuwa tunamshangilia kila akikosa mechi.

«Juu ya nini Isak ni mubaya na Wissa ni muzuri? Si bote balikatala kazi?»

«Wissa ni mutoto ya kwetu, Papa.»

«Na ule mwingine, wazazi yake ni ba wapi?»

Mtu mmoja akasema Eritrea.

«Na Wissa alizaliwa wapi?»

Hakuna aliyejibu. Alizaliwa Épinay-sous-Sénart, Ufaransa, na kila mmoja pale alijua. Papa akamaliza glasi yake, akasema kule relini, mtu akigoma, kwanza mlikuwa mnamuuliza aliahidiwa nini na nani alikuwepo. Mengine baadaye. Akavaa koti akaondoka, ametuharibia usiku kuliko Ngumoha.

Nimelipindua hilo kichwani na naona alikuwa sahihi kuliko wachambuzi wote niliowasikiliza kipupwe kile. Tarehe 31 Agosti Wissa naye akaandika, na maneno yake, ukiyaweka kando ya yale ya Isak, ni mapacha: niliambiwa naweza kuondoka ofa nzuri ikija, ofa imekuja, sasa mnanizuia. Klabu mbili, wachezaji wawili, na katikati kuna ahadi ya mdomo ambayo mmoja anaikumbuka na mwingine haikumbuki. Newcastle walikuwa wanalia kwamba Isak anawavunjia heshima, na papo hapo walikuwa wanafaidika na Wissa kuwavunjia Brentford heshima ileile. Mkono wa kushoto unafuta machozi, wa kulia unapokea.

Sisemi Isak alikuwa malaika. Mkataba wake ulikuwa bado na miaka, na mtu anayelipwa vile angeweza kufanya mazoezi na wenzake huku mawakili wanaongea. Lakini nikisema hivyo kwa Isak, lazima niseme kwa Wissa pia, na hapo ulimi unakuwa mzito, kwa sababu huyu ndiye aliyesawazisha dhidi ya Zambia kwenye Kombe la Afrika kule San Pedro, Januari 2024. Wewe hujaishi Lubumbashi kama hujui maana ya kusawazishiwa goli la Wazambia. Malori yanapita mpakani Kasumbalesa kila siku, na madereva wao wana midomo.

Ugumu wa ulimi huo ndio ninaoulalamikia. Tunadai uaminifu wa mchezaji kana kwamba ni kodi, halafu tunamsamehe anayetufaa. Klabu ikimuuza mtu asiyetaka kwenda, tunaiita biashara. Mazembe wenyewe walimchukua Mbwana Samatta kutoka Simba mwaka 2011 na hapa hakuna aliyelia kwa niaba ya Dar es Salaam. Alipoondoka kwenda Genk Januari 2016, baada ya kutusaidia kubeba Afrika, tuligundua ghafla kwamba uhamisho ni jambo la kuumiza.

Mwisho wa Agosti kila kitu kikafunguka kwa pamoja, kama kawaida ya mlango uliosukumwa na watu wengi. Tarehe 30 wakamtambulisha Nick Woltemade kutoka Stuttgart, Mjerumani wa karibu mita mbili, kwa ada iliyovunja rekodi ya klabu. Siku hiyohiyo wakatoka 0-0 tena, na Leeds. Tarehe 1 Septemba dirisha la usajili lilifungwa saa mbili usiku kwa saa zetu, na nilikuwa nimekaa kitandani na simu iliyobaki na asilimia chache. Isak, Liverpool, pauni milioni 125, rekodi ya Uingereza. Wissa, Newcastle, jezi namba tisa. Namba ya Alan Shearer, mfungaji wao mkubwa wa zamani, kwa mtoto wa Léopards, timu yetu ya taifa! Niligonga ukuta kumwamsha mdogo wangu. Hakuwa amelala.

Furaha ilidumu siku nane. Tarehe 9 Septemba, Stade des Martyrs, Kinshasa, tunaongoza Senegal 2-0 na goli la pili kalifunga yeye. Senegal wakarudisha yote, wakaongeza la tatu, 3-2, na Wissa akatoka na goti ambalo lilimweka nje mpaka Desemba. Newcastle walisubiri kiangazi kizima kupata mshambuliaji wao, sisi tukawarudishia mgonjwa. Siku nne baadaye Woltemade akafunga kwa kichwa mechi yake ya kwanza, dhidi ya Wolves, na buveti nzima ikashangilia huku macho yako chini, kama watu wanaodaiwa.

Lakini kabla ya Senegal, katika zile siku nane, mdogo wangu alinivuta mpaka kwa kijana anayechapa jezi karibu na soko. Alikuwa na jezi yake ya Newcastle ya bei ya sokoni, aliyoiandikisha ISAK 14 baada ya Wembley. Alitaka jina litolewe siku hiyohiyo. Kijana akaitandaza mezani, akapima kwa vidole.

«Mukubwa, I na S tunabakisha pale pale. Utalipa tu W, S na A. Namba ni bei yake.»

«A si iko hapo tayari?»

«Iko mahali mubaya. Nikiitoa itapasuka.»

Tukabishana kidogo, nikalipa herufi tatu. Akabandua A na K kwa ncha ya kisu na pasi ya moto, taratibu, akitia maji, mvuke unamfunika uso. A kweli ilipasuka. Akaweka W mbele, S ya pili palipokuwa A, na A mpya palipokuwa K. Imekaa upande kidogo. K ilitoka yote, ila gundi yake ilibaki kwenye kitambaa, na mdogo wangu akigeuka juani unaisoma vizuri chini ya A.