Kuchanganya dawa za ganzi si dawa ya kila kitu

Kuna makala inayosifu kuchanganya dawa mbili za ganzi, lidokaini (ya muda mfupi) na bupivakaini (ya muda mrefu), kwa upasuaji wa kifundo cha mguu. Ganzi huanza mapema kidogo, kweli, lakini huisha mapema pia, na sumu za dawa zote mbili hujumlishwa. Bupivakaini 0.5% peke yake inatosha, mradi usubiri dakika 30. Neva ya siatiki, ile kubwa ya mguu, ni nene, na dawa huchelewa kuipenya. Hesabu kwanza: mililita 20 ni miligramu 100, na mgonjwa wa kilo 50, kwa kipimo cha juu cha miligramu 2 kwa kila kilo, ameshafika kikomo. Basi gawanya, mililita 15 nyuma ya goti kwa siatiki, 5 kwa neva ya safena, ya upande wa ndani wa mguu (wengi huisahau, halafu mgonjwa anaruka kisu kikigusa upande wa ndani). Muundi ukiwa umevunjika, zungumza na mpasuaji kabla: ganzi ndefu inaweza kuficha maumivu ya misuli iliyobanwa na uvimbe.