Spika Hupimwa Sebuleni, Hazipimwi Dukani

Tangu mwezi wa Julai, upepo wa kiangazi ulipokuwa ukitumwagia vumbi lake lote hapa Ipagala, Dodoma, sebule yangu imepokea kwa zamu mifumo mitatu ya spika: sabufa niliyoinunua miaka sita iliyopita, jozi ndogo ya spika za rafu zilizokwishatumika, na jozi ya spika za kusimama, zinazonifika kiunoni, ambazo rafiki yangu wa Kisasa aliniazima. Nilitaka kuuboresha muziki wa nyumbani bila kupoteza fedha, na nimetoka na msimamo ninaoutetea kwa moyo wote: spika hupimwa ndani ya chumba zitakamokaa, zikiwa na ukubwa wa sauti uliolingana, kwa muziki ambao msikilizaji anaujua vizuri. Kipimo cha dukani hudanganya.

Hudanganya kwa sababu dukani spika yenye kelele zaidi ndiyo hushinda. Sikio la binadamu limeumbwa hivyo: vikipigwa vyombo viwili vinavyofanana, kimoja kikizidi kwa desibeli moja tu, yaani kipimo kimoja cha ukubwa wa sauti, msikilizaji atasema kwamba kile kilichozidi ni kisafi zaidi, asitambue kuwa alichokipenda ni ukubwa wa sauti. Zaidi ya hapo, maelfu ya wati yanayochapwa kwenye makasha ya sabufa ni kilele cha kufumba na kufumbua, wala si nguvu ambayo amplifaya, mashine ya kukuza sauti, inaweza kuitoa mfululizo. Mnunuzi aulize wati za mfululizo, zile zinazoandikwa RMS, kisha aulize spika inatoa desibeli ngapi kwa wati 1 ikipimwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 90 inahitaji nusu tu ya nguvu ya ile ya desibeli 87 ili zitoe sauti sawa, na jambo hilo lina uzito kuliko namba zote za kwenye kasha.

Nyumbani nilifanya hivi. Niliweka simu yenye programu ya kupima desibeli juu ya mgongo wa kochi, mahali kichwa changu kinapokuwa ninapoketi, nikapiga mvumo wa majaribio unaofanana na mvua kwenye bati, nikarekebisha kila mfumo hadi simu isome 72. Simu si kipimo cha maabara, lakini ikikaa mahali palepale inatosha kulinganisha. Kisha mwanangu akatundika shuka mbele ya spika na kuzibadilisha bila kuniambia ipi inalia. Shuka hiyo si mchezo. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha kwamba watu wanaoziona spika huzipa alama tofauti na wanazozitoa spika hizohizo zikifichwa, kwa maana macho nayo huchangia hukumu ya masikio.

Nyuma ya shuka sabufa iligundulika mara moja, na aliyeifichua ni msomaji wa taarifa ya habari. Sauti ya mwanamume huanzia karibu na mitetemo 100 kwa sekunde, ambayo vispika vidogo vya pembeni haviwezi kuibeba, hivyo kazi hiyo huangukia boksi la besi. Matokeo yake mtu anakatwa vipande viwili: midomo iko mbele yako, kifua kiko kwenye kona ya chumba. Nilikuwa nimeizoea hali hiyo kwa miaka sita bila kuijua. Baada ya hapo nilipiga rekodi za ilimba ya Kigogo, ala ya fito za chuma zinazochezwa kwa vidole gumba, na hapo ndipo jozi ya rafu iliponishika. Ilimba hutobolewa tundu linalozibwa kwa utando wa buibui ili kila ufito ukiguswa utoe mlio pamoja na mvumo mwembamba wa kutetema. Mvumo huo ni sehemu ya muziki wenyewe. Kwenye sabufa ulisikika kama hitilafu ya rekodi. Kwenye jozi ya rafu, yenye wufa (spika ya sauti nzito) ya inchi sita na twita (spika ya sauti nyembamba) ya kitambaa, ulikaa juu ya mlio kama vumbi la dhahabu, kila ufito na wake.

Spika za kusimama nilizitarajia zishinde, nazo katika ngoma za muheme, za Wagogo pia, zilishuka chini kuliko zote, ila hazikushuka vizuri. Besi ilivimba na kuchelewa kuondoka, na nilipokaa pembeni ya kochi ilitoweka. Kosa halikuwa lao. Sebule yangu ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.5, na kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, chumba hiki huvuma chenyewe karibu na mitetemo 43 na 49 kwa sekunde, kama chungu kinavyoitikia ukipigia kelele mdomoni mwake. Spika inayofika huko huamsha mvumo huo. Ndogo isiyofika huko huuacha ulale. Nyumba nyingi zilizojengwa Dodoma tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa wingi ni za namna hii: tofali za saruji, vigae sakafuni, jipsamu juu, madirisha mapana ya alumini. Piga kofi moja ndani yake uone sauti inavyorukaruka. Zulia nene mbele ya kochi, pazia zito na rafu ya vitabu vilinisaidia kuliko nilivyotegemea, na kuzisogeza spika sentimita 60 kutoka ukutani kulipunguza uvimbe wa besi bila gharama yoyote.

Jozi ya rafu niliinunua kwa shilingi 220,000 ikiwa na kasoro ambayo muuzaji hakuitaja: sponji inayozunguka koni, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti, ilikuwa inapukutika kwa kuguswa na kidole. Sponji hizo huoza kwa umri hata spika isipopigwa, ndiyo maana anayenunua spika kuukuu hana budi kuvua kitambaa cha mbele na kutazama. Fundi wangu wa Majengo alizikagua akasema, "Mzee, koni na koili ni nzima, sponji tu ndiyo imekufa," akazibandika mpya kwa siku mbili. Tahadhari nyingine ni ya amplifaya zinazotoka Japani, ambako umeme ni wa volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 za hapa utaiunguza, kwa hiyo inunuliwe pamoja na transfoma ya kushushia umeme.

Spika za kusimama nimezirudisha Kisasa, na nimemweleza mwenyewe kwamba katika ukumbi wake mkubwa zitamfaa kweli. Sabufa inatumika barazani wakati wa mpira. Jozi ya rafu kwa sasa imekaa juu ya matofali, na seremala ananichongea stendi za mninga za sentimita 60, ili twita zifike usawa wa masikio yangu ninapoketi.