Kete Iliyoliwa Hurudi Ubaoni

Jumapili ile, saa sita mchana haijafika, nilikuwa nimeshatolewa. Ulikuwa mchujo wa shogi, chesi ya Kijapani, wa wachezaji wa ridhaa katika mkoa ninaoishi hapa Japani, nami nilikuwa kundi la chini kabisa. Utaratibu wake hauna maneno mengi: ukishinda michezo miwili unasonga mbele, ukipoteza miwili umekwisha. Nilipoteza wa kwanza, nikapoteza na wa pili.

Huo wa pili nitaukumbuka muda mrefu. Katikati ya mchezo niliachia kete yangu moja, ile iitwayo fedha, iliwe, nikiamini nimepata nafasi nzuri zaidi kwingineko. Mwenzangu, mzee wa miaka sabini hivi, aliiweka kwenye kibao chake cha pembeni, akaendelea na shughuli zake. Baadaye, saa ilipokuwa imeanza kutuhesabia sekunde 30 kwa kila hatua, aliiokota fedha ile ile na kuitua ubavuni mwa mfalme wangu. Wajapani huiita hatua hiyo fedha ya tumboni. Mfalme hakuwa na pa kwenda. Niliinama nikasema "makemashita", yaani nimeshindwa. Katika shogi ni desturi aliyeshindwa alitamke mwenyewe.

Kwa asiyeujua mchezo huu: ubao una miraba 81, kila mchezaji huanza na kete 20, na kete zote ni za rangi moja. Zimechongwa kama kabari, na ncha ndiyo inayoonyesha kete ni ya nani. Hazikupakwa rangi mbili kwa sababu hazina mwenye kudumu. Ukiila kete ya mwenzako inakuwa yako, na zamu yako ikifika unaweza kuirudisha ubaoni karibu popote penye nafasi. Mcheza bao atalielewa hili upesi kuliko mcheza chesi, maana kwenye bao la Kiswahili nako kete ulizokula hazitupwi nje, unazisambaza katika mashimo yako mwenyewe. Nilipoelezwa sheria hii mara ya kwanza nilijiona niko barazani nyumbani.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Shogi ikitajwa, jina linalofuata ni Fujii Sota, na anastahili. Aliingia ngazi ya kulipwa mwaka 2016 akiwa na miaka 14, akashinda michezo yake 29 ya kwanza mfululizo, na Oktoba 2023 akawa ameshika mataji yote 8 kwa pamoja. Lakini nasikia watu, hata wachezaji wenzangu, wakiyasema mashindano ya mikoa kana kwamba ni makombo yaliyobaki baada ya wakubwa kula. Kwamba siku hizi mtu anaweza kucheza usiku kucha kwenye simu, na kompyuta itamwonyesha kila kosa, sasa ya nini kupanda treni alfajiri kwenda kukaa kwenye meza za kukunja? Nalikataa wazo hilo kabisa.

Tazameni njia ya kawaida ya kufikia ngazi ya kulipwa. Kijana huingia Shoreikai, chuo cha chama cha shogi cha Japani, wengi wakiwa bado watoto. Huko hupanda daraja kwa daraja, na mlango wa mwisho ni mwembamba mno: kwa kawaida wanaopita ni wanne tu kwa mwaka. Asiyefika dani ya nne, daraja linaloanzia ngazi ya kulipwa, kufikia umri wa miaka 26 huondoka, isipokuwa wachache wanaoongezewa muda kwa matokeo yao. Fikiria mtu aliyeutoa utoto wake wote kwa ubao, halafu anaambiwa basi.

Segawa Shoji aliambiwa hivyo mwaka 1996. Akaenda kusoma, akaajiriwa kampuni, akarudi kucheza miongoni mwa watu wa ridhaa. Huko ndiko alikotwaa mataji yaliyompa nafasi ya kukutana na wachezaji wa kulipwa katika mashindano yao, naye akawa anawashinda. Mwaka 2005 aliomba rasmi afikiriwe, akapewa mtihani wa pekee, akaupita akiwa na miaka 35. Mwaka uliofuata chama kikaweka utaratibu wa kudumu wa mtihani huo. Imaizumi Kenji akaupita mwishoni mwa 2014, akiwa na miaka 41.

Anayenigusa zaidi ni Koyama Reo wa Iwate, mkoa wa kaskazini ulio mbali na kumbi kubwa za Tokyo na Osaka. Huyu hakupitia Shoreikai hata siku moja. Alipanda kwa mashindano ya ridhaa, akajipatia haki ya kufanya mtihani, na Februari 2023 akafaulu. Shindano la Meijin, yaani bingwa, wa ridhaa limekuwapo tangu 1947, nalo huanzia kwenye michujo ya mikoa kama huu ulionitoa mimi kabla ya chakula cha mchana. Ukiiondoa michujo hiyo, watu kama Segawa na Koyama wangepandia wapi?

Najua wengi tunaofika pale hatutafika popote, na mimi ni mmoja wao. Lakini hata kwetu kuna kitu ambacho simu haijanipa. Kwenye simu, mchezo ukiisha mwenzako anatoweka. Pale ukumbini, baada ya kuinama, mzee yule hakuinuka. Alirudisha kete nyuma hatua kwa hatua, kwa kumbukumbu tu, mpaka pale nilipoiacha fedha yangu. Hiyo ni desturi ya shogi, wenyewe huiita kansosen: walioshindana hukaa pamoja kuuchambua mchezo, na aliyeshinda husema waziwazi ni wapi aliogopa. Aliniambia kwamba ningeisogeza kete yangu ndogo ya askari iliyo pembeni hatua moja tu, yeye ndiye angekuwa taabani. Kisha akanisukumia kete zangu, tukaucheza upya kuanzia hapo, wenzetu wakiwa wameshaanza raundi nyingine.