Nilivyomfariji bi mkubwa wa maestro

Jamani leo nacheka ila siku ile nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nilikuwa Italia mwezi wa nne tu, Kiitaliano changu cha kuombea maji, nikapata kibarua cha kupiga pasi nguo za waimbaji kwenye ukumbi mmoja mdogo wa opera, ile michezo ya kuigiza inayoimbwa, huko kaskazini. Boss alikuwa mzee anayeongoza okestra, wote wanamwita maestro, na akiongea anaongea maneno ya enzi za babu yake. Siku ya kwanza ananikabidhi magauni, anasema hili la prima donna wangu, hili la seconda donna. Mi kichwani natafsiri: prima, wa kwanza. Donna, mwanamke. Wangu. Heee! Nikasema kumbe na huku yapo, mzee ana wake wawili na kawaajiri ofisi moja, mwanaume jasiri huyu.

Na ushahidi ukazidi kujileta. Yule wa kwanza chai yake iwe na asali na isiwe moto, dirisha lifungwe, hapana lifunguliwe, gauni la mwenzake lisitundikwe karibu na lake. Mimi nimekulia Tanga kwenye nyumba ya wake wenza, hayo nayajua toka utotoni. Alafu opera yenyewe ilikuwa Norma, aliyoitunga Bellini, ambayo kwa kifupi ni mama kazaa watoto wawili na bwana wa Kirumi, bwana anamwacha anamfata binti mdogo anaitwa Adalgisa. Norma anaimba nani? Prima donna. Adalgisa? Seconda donna. Nikasema huyu mzee hana haya hata kidogo, anawaimbisha ya nyumbani kwake mbele za watu na kiingilio juu!

Siku ya onyesho, imebaki nusu saa, nimepeleka chai namkuta bi mkubwa analia mbele ya kioo, kope moja ya bandia kabandika, nyingine imelala mezani kama nzi aliyekufa. Huruma ikanishika. Nikamwekea mkono begani nikamwambia mama usilie, maestro kamchukua wa pili kwa sababu bado mdogo, lakini wa kwanza ni wa kwanza tu, huyo atachoka ataondoka.

Nilitegemea atanikumbatia.

Akasimama mpaka kiti kikaanguka. "Kamchukua LINI?" Kumbe yeye kaelewa nafasi yake ya kuimba usiku ule kapewa mwenzie! Akatoka na kope moja vilevile, nikasikia milango inabamizwa, sauti yake inapanda juu kuliko ilivyowahi kupanda kwenye mazoezi, maestro anaapa kwa majina ya watakatifu wote, seconda donna naye analia hajui kosa lake, na mimi nimejificha nyuma ya meza ya pasi. Onyesho likachelewa dakika 40.

Mama mmoja mshona nguo ndo alinipata huko, nikamweleza, akacheka mpaka akajichoma sindano. Akanambia wewe mtoto, prima donna ni cheo, ni mwimbaji wa kike anayeshika nafasi kubwa kwenye opera, seconda donna anafuata chini yake, na mwanaume mkubwa walimwita primo uomo (hilo nashukuru sikulisikia mapema, ningeshaanza kuuliza mume wa pili yuko wapi). Akasema tangu Venice ilipofungua ukumbi wa opera wa watu kukata tiketi, 1637, anayejaza viti ndo anayebembelezwa, na ukibembeleza mtu sana atadeka, basi neno likageuka mpaka leo hata fundi bomba akinuna wanasema anajifanya prima donna. Na diva ndo kabisa, maana yake mungu wa kike, astaghfirullah. Akanipa na ya Adelina Patti, mwimbaji wa opera wa zamani, aliyetaka hela mkononi kabla hajafungua mdomo, inasimuliwa kuna siku hela haikutimia akavaa nguo zote, kiatu kimoja akakataa kuvaa mpaka iliyobaki iletwe. Na mwimbaji mwingine Maria Callas, Roma, tarehe 2 Januari 1958, anaimba hiyohiyo Norma, rais wa nchi kakaa ukumbini, sehemu ya kwanza ikaisha na yeye hakurudi tena. Walimsema vibaya mno, ila mi namtetea, sauti ilikuwa imemkatalia, sasa alitaka aimbe na nini? Mbona 2006 pale ukumbi wa opera wa La Scala, Milan, mwimbaji Roberto Alagna alizomewa akaondoka katikati ya Aida, ikabidi mwenzie aingie jukwaani na nguo zake za mtaani, na huyo ni dume.

Nikaomba radhi kwa wote watatu. Nikadhani yameisha.

Usiku natoka zangu, yule mama mfupi anayekatisha tiketi mlangoni akaniita pembeni. Sikuwahi kujua huyu ndo mke wa maestro, wa ndoa, miaka 30 na kitu. Akanishika mkono taratibu, akanambia binti, nasikia mume wangu ana wa kwanza na wa pili humu ndani, mimi kwenye hesabu yako ni wa ngapi?

Nikamwambia mama, mimi ni wa pasi tu.