"Keshatembea?"

Kila nikipiga simu Tanga, mama huanza na swali lile lile: "Mjukuu wangu keshatembea?" Simlaumu. Hata kliniki niliyokuwa nikimpeleka mwanangu kabla hatujahama, swali lilikuwa hilo hilo. Juu ya kadi yake waliandika "mtindio wa ubongo", yaani hitilafu ya ubongo inayovuruga mwendo na viungo, na chini yake, mwezi baada ya mwezi, neno moja: bado. Miaka miwili ya bado.

Sasa tunaishi Hamilton, Kanada. Kumbe ni hapa hapa, Chuo Kikuu cha McMaster, walikotunga vipimo vinavyotumika duniani kwa watoto wa aina hii. Siku ya kwanza mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitandika godoro chini, akamvua mtoto viatu, akaanza: kulala na kujigeuza, kukaa, kutambaa na kupiga magoti, kusimama, kisha kutembea, kukimbia na kuruka. Mambo 88. Kila moja lina alama 0 hadi 3: asipoanza kabisa 0, akianza tu 1, akiishia njiani 2, akimaliza 3. Anaruhusiwa kujaribu mara tatu, maana watoto nao wana siku zao. Mikono iliniwasha nimsaidie, nikaambiwa nikae.

Kipengele kimoja ni kukaa chini huku amejishikiza kwa mikono, sekunde 5. Alipata 3. Nikalia kama mtu aliyefiwa. Jambo hilo alikuwa akilifanya mkekani kwa mama tangu zamani, na kwenye kadi likawa bado.

Halafu wakanipa la pili, lililoniuma. Kuna ngazi tano za kupanga uwezo wa mtoto kujongea, zilizochapishwa mwaka 1997, kuanzia mtoto anayetembea vizuri hadi anayesukumwa kila aendako. Wangu yuko ya nne. Wakanieleza kwamba watoto wengi hufika karibu na kilele cha uwezo wao wa viungo kabla ya miaka mitano au ikitimia, kwa hiyo tufikirie kiti cha magurudumu mapema. Nyumbani hakuna aliyethubutu kuniambia hivyo. Waliniambia niombe Mungu, nami nikamaliza akiba kwa wachuaji nikingoja miguu, mtoto akikosa kiti ambacho kingempeleka shuleni.

Ndiyo maana nasema hizi ngazi tano zifike kila kliniki kwetu. Hazihitaji mashine wala umeme. Zipo bure, na hata mzazi anaweza kujaza dodoso lake.

Lakini msidhani huku ni peponi. Mwanangu anapimwa kila baada ya miezi sita, na tangu tufike hakuna mtoto aliyewahi kugonga mlango aje kucheza naye. Tanga binamu zake walimbeba mgongoni mpaka uwanjani, wakamfanya golikipa, mpira ukimgonga wanashangilia. Hilo halimo katika zile 88, na mimi bado sijalipata huku kwa bei yoyote.

Mama nimemfundisha swali jipya: "Amekaa sekunde ngapi?" Juzi nilimweka mtoto mbele ya simu bila kujishikiza, mama akahesabu kwa sauti. Alipofika sita mtoto akaanguka ubavu, akicheka.

"Mrudishe," mama akasema, "nilihesabu haraka."