RAYE wa London na wasanii wetu: mkataba mbaya hauna bara

Ukiishi Uingereza na watu wa nyumbani wakajua unaujua muziki kidogo, ombi linalokuja kwenye simu ni lile lile: nitafutie lebo huko, maana huku hakuna haki. Vijana wanaoomba hivyo wana vipaji kweli, na malalamiko yao mengi ni ya haki. Wanapokosea ni kuamini kwamba London msanii analindwa kwa sababu tu ni London. Kuna msanii mmoja wa hapa ambaye maisha yake yanaivunja imani hiyo vipande vipande, na papo hapo yanaonyesha kitu ambacho Waingereza wanatuzidi kwa mbali.

Ni RAYE. Jina lake kamili ni Rachel Agatha Keen, alizaliwa Tooting, kusini mwa London, tarehe 24 Oktoba 1997, akakulia Croydon. Baba Mwingereza, mama ana asili ya Ghana na Uswisi. Sauti yake ni ya soul, na ndani yake kuna jazz, gospeli na pop. Wengi Afrika Mashariki walimsikia miaka mingi kabla hawajamjua, kwa sababu alikuwa yule dada anayeimba kiitikio kwenye nyimbo za madijei.

Alisoma BRIT School, Croydon, shule iliyofunguliwa 1991. Shule hii ndiyo inayonitia wivu kuliko kitu kingine chochote katika muziki wa Uingereza. Ni ya serikali ikisaidiwa na pesa za sekta ya muziki, hailipiwi ada, inapokea wanafunzi kuanzia miaka 14, na mwanafunzi anaingia kwa usaili. Amy Winehouse alipita pale, Adele alipita pale. Sisi tunayo TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, yenye mizizi tangu 1981, na Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy iliyoanza 2002. Ni taasisi za maana sana, lakini mtoto wa miaka 14 wa Mbagala au Kisauni anayetaka kusoma kinanda na hesabu kwa siku moja, bila ada, hana pa kwenda. RAYE mwenyewe hakumaliza. Aliondoka kabla ya muda ili afanye muziki.

Mwaka 2014, akiwa na miaka 17, alisaini na Polydor, lebo iliyo chini ya Universal. Kwa maelezo yake mwenyewe, mkataba ulikuwa wa albamu nne. Hapa kijana wa nyumbani anasikia albamu nne anafurahi, anadhani lebo imeahidi kumtolea albamu nne. Mara nyingi maana yake ni kinyume. Katika mikataba ya aina hiyo lebo inajifunga kwa sehemu ya kwanza tu, na zinazofuata ni hiari yake: ikitaka inaendelea, isipotaka inaacha. Msanii hana hiari hiyo. Tena muda hauhesabiwi kwa miaka bali kwa kazi zilizokabidhiwa na kukubaliwa. Kama albamu ya kwanza haijakubaliwa, saa imesimama. Na wimbo alioshirikishwa na dijei kwa kawaida hauhesabiwi kuwa albamu, hata ukisikilizwa dunia nzima.

Ndivyo miaka saba ilivyopita. Alitoa EP, yaani rekodi fupi kuliko albamu, alishirikishwa na Jax Jones, Joel Corry, David Guetta, akaingia tatu bora za chati ya Uingereza, akawatungia wakubwa akiwemo Beyoncé, na albamu yake mwenyewe haikutoka. Mwishoni mwa Juni 2021 akaandika hadharani kwenye Twitter kwamba tangu 2014 hajaruhusiwa kutoa hata albamu moja, na kwamba nyimbo zake zimelala kwenye mafaili zikikusanya vumbi. Wiki chache baadaye yeye na lebo wakaachana.

Tuangalie pesa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Chukua mfano wa hesabu tu: lebo inampa msanii malipo ya awali ya paundi 100,000, na mgawo wake ni asilimia 20 ya mapato ya rekodi. Malipo hayo ya awali si mshahara wala zawadi. Yanarudishwa, na yanarudishwa kutoka kwenye ile asilimia 20 yake peke yake, si kutoka kwenye jumla. Kwa hiyo rekodi lazima iingize paundi 500,000 ndipo deni liishe. Wakati huo lebo imeshapokea hizo 500,000, imetoa 100,000, imebaki na 400,000, na msanii hajaona hata senti mpya. Ukiongeza nusu ya gharama za video na matangazo, ambazo nazo huandikwa kwenye deni, mlima unazidi kupanda. Deni likiisha, rekodi yenyewe inabaki mali ya lebo. Na Uingereza tangu 2013 rekodi iliyotolewa inalindwa miaka 70.

Sasa linganisha na nyumbani. Harmonize alipoondoka WCB, lebo ya Diamond Platnumz, mwaka 2019 alisema mwenyewe hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Rayvanny aliondoka 2022. Watu walishangaa kana kwamba ni ukatili uliobuniwa Dar es Salaam. Si hivyo. Lebo iliyomgharimia msanii kisha ikadai gharama zake ni jambo la dunia nzima. Wengine husema tofauti yetu ni kwamba mikataba mingi ya nyumbani inachukua asilimia hata kwenye shoo, kwa sababu shoo ndiyo inayoleta pesa za mkononi. Lakini huku nako mikataba ya namna hiyo ipo na imeenea. Kwa hiyo kijana anayekimbia lebo ya Sinza kwenda lebo ya London anaweza kukutana na vifungu vile vile kwa Kiingereza kizuri zaidi.

Basi Uingereza inatuzidi wapi? Kwenye utunzi, na kwenye kumbukumbu zinazowekwa kuhusu utunzi.

Kila wimbo una haki mbili. Moja ni ya rekodi, ile sauti iliyorekodiwa studio. Nyingine ni ya utunzi, yaani maneno na melodi. Mtu anaweza kusaini rekodi zake zote kwa lebo na bado utunzi ukabaki wake au wa kampuni nyingine kabisa. Huku PRS, shirika la watunzi, inakusanya pesa za utunzi kila wimbo unapopigwa redioni, baa, dukani au jukwaani. MCPS inashughulikia utunzi unapodurufiwa. PPL inakusanya za rekodi redioni na kwenye kumbi, nusu kwa mwenye rekodi na nusu kwa walioimba na kupiga vyombo. Tamasha la kawaida la pop linalipa PRS asilimia 4.2 ya mapato ya tiketi, na tamasha kubwa la wazi asilimia 2.7. Pesa hizo haziombwi kwa hisani. Promota anajua, ukumbi unajua, na msanii akishuka jukwaani orodha ya nyimbo alizoimba inapelekwa.

Kwa maoni yangu hapa ndipo RAYE aliposimama. Wakati albamu yake imefungiwa, jina lake lilikuwa limeandikwa kama mtunzi kwenye nyimbo za watu wengine, kila moja na asilimia yake. Mtu mwenye utunzi uliosajiliwa ana pa kukanyagia siku anapotoka mlangoni.

Hata hivyo yeye mwenyewe hauoni mfumo huo kuwa wa haki, na namuunga mkono. Kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki mtandaoni, takriban asilimia 30 inabaki kwa jukwaa, asilimia kama 55 inaenda kwenye rekodi, na asilimia kama 15 tu inaenda kwenye utunzi, ambayo watunzi wanne au watano wanagawana pamoja na kampuni zao za haki. Mtunzi anayeshinda studio siku nzima bila posho, wimbo usipotoka, amepoteza siku yake. Ndiyo maana RAYE amekuwa akidai watunzi wapewe nao asilimia kwenye rekodi. Mwaka 2025 lebo kubwa tatu zilikubali angalau kuwalipa watunzi posho ya paundi 75 kwa siku ya kazi pamoja na gharama. Ni kidogo, lakini imeandikwa.

Baada ya kutoka Polydor alikwenda kwa Human Re Sources, kampuni ya usambazaji. Wengi husema akawa huru kabisa, na hapo pana haja ya usahihi: kampuni hiyo ilinunuliwa na Sony mwaka 2020. Kilichobadilika ni aina ya mkataba. Msambazaji anapeleka wimbo kwenye majukwaa na kusaidia matangazo, anachukua sehemu yake, na rekodi zinabaki za msanii. Oktoba 2022 akaachia "Escapism" akiwa na 070 Shake. TikTok ikaubeba, na Januari 2023 ukawa namba moja Uingereza. Ni wimbo mrefu wa kiza, unaobadilisha mdundo, wa aina ambayo kikao cha lebo kingeweza kuukata dakika ya kwanza. Tarehe 3 Februari 2023 ikatoka albamu, *My 21st Century Blues*, ikashika namba mbili. Humo anaeleza wazi mambo mazito, ikiwa ni pamoja na kudhalilishwa na mtu wa studio. Machi 2024 alichukua tuzo sita za Brit usiku mmoja, wakati rekodi ya awali ilikuwa nne. Alimpandisha bibi yake jukwaani, huku yeye mwenyewe analia.

Nyumbani, sauti ndiyo inayolipwa. Mtunzi ni kama hayupo. Nenda kwenye taarabu. Mwimbaji anatunzwa pale pale, noti zinabandikwa, na ni desturi nzuri sana, pesa inafika mkononi bila meneja wala benki. Lakini aliyeandika shairi amekaa nyuma au yuko nyumbani kwake, na hakuna noti inayomfuata. Kwenye Bongo Fleva ni hivyo hivyo: kijana anauza mashairi kwa mkupuo, anapewa laki mbili, jina lake haliandikwi popote. Wimbo unapigwa miaka kumi. Kwa sheria ya Tanzania na ya Kenya haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Aliiuza kwa laki mbili.

Sitasema hakuna kinachofanyika. Januari 2022 COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, iligawa mirabaha ya takriban shilingi milioni 312, kisha sheria ikabadilishwa ili ukusanyaji uhamie kwa vyombo vya wenye haki wenyewe. Kenya iliandika kwenye sheria kwamba kwenye miito ya simu msanii apate si chini ya asilimia 52. Huko ndiko kwa kusukuma. Lakini chombo cha kukusanya hakiwezi kumlipa mtu asiyejulikana, na kujulikana kunaanza studio, usiku ule ule wimbo unapomalizika.

Kinachotakiwa ni karatasi moja ya mgawo. Andikeni jina la wimbo, majina halisi ya kila aliyetunga maneno au melodi, jina la prodyuza kama biti yake ni sehemu ya utunzi, na asilimia ya kila mmoja. Jumla iwe 100, wote wasaini, kila mtu apige picha. Makosa yanayotokea ni yale yale huku na huko. Watu wawili wanasajili wimbo mmoja, huyu anajiandikia 60 na yule 60, jumla inakuwa 120, na pesa zinazuiliwa mpaka wapatane. Au mtu anaandikwa kwa jina la kisanii mahali pamoja na jina la kitambulisho mahali pengine, mfumo unamwona watu wawili. Au biti imenunuliwa mtandaoni kwa leseni isiyo ya peke yake, vijana watatu wameiimbia, na YouTube inawagonganisha.

Halafu kuna ISRC, namba ya herufi na tarakimu 12 inayoitambulisha rekodi. Iandike kwenye daftari lako siku wimbo unapopakiwa. Ukihama msambazaji, pakia sauti ile ile kwa ISRC ile ile kabla ya kuiondoa ya zamani, vinginevyo idadi ya waliosikiliza inaweza kuanza sifuri. Wasanii wengi wa nyumbani hawana namba hizo kwa sababu akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya meneja, na wakigombana, katalogi nzima inabaki kwa meneja.

Na kwa anayetaka lebo, iwe ya Dar, Nairobi au London, kabla hajauliza malipo ya awali ni kiasi gani, atafute kifungu kimoja: lebo inajifunga kuitoa kazi ndani ya muda gani baada ya kukabidhiwa? Kiandikwe kwa siku, si kwa maneno kama muda muafaka. Chini yake kiandikwe kwamba muda ukipita, msanii atatoa taarifa kwa maandishi, lebo itapewa siku kadhaa za kurekebisha, na isiporekebisha msanii yuko huru na rekodi hizo zinarudi kwake, kwa bei iliyotajwa mapema au bila bei. Lebo ikikikataa, muulize mwanasheria sababu kabla hujashika kalamu.