Meza kubwa za pool Dodoma: hesabu ya ukumbi, sarafu na mkono wa mchezaji

Ukigusia habari ya meza kubwa ya pool mbele ya mwenye baa wa Chang'ombe au Nkuhungu, jibu huja kabla hujamaliza kusema: hizo ni za hoteli, hapa zitakula nafasi na hazitalipa. Mchezaji wa mtaani naye ana lake. Anaona meza ya futi 9 inakuja kumtoa kwenye mchezo alioukuza mwenyewe, kwa sarafu zake, miaka ambayo wengi waliuona kuwa uhuni tu. Wote wawili wana hoja, na nitazifikia. Ila wanaotaka meza kubwa hapa Dodoma wamechukuliwa kama watu wanaoomba anasa, na hoja yao yenyewe haijapata kuelezwa vizuri.

Tuanze na vipimo. Meza ya baa ya futi 7 ina uwanja wa kuchezea wa kama sentimita 198 kwa 99, na zipo zilizo ndogo kuliko hizo. Ya futi 9, ambayo ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya dunia ya mipira tisa na mipira kumi, aina mbili za mchezo wa pool, ni sentimita 254 kwa 127. Uwanja unaongezeka kwa asilimia 65. Mwenye baa akisikia hivyo anapiga picha ya ukumbi wake ukimezwa, na mazungumzo yanaishia hapo.

Chumba cha pool, hata hivyo, hupimwa kwa fimbo kwanza. Fimbo ya kawaida ina urefu wa sentimita 147 hivi, na mchezaji anatakiwa aweze kuivuta nyuma akiwa upande wowote wa meza. Kwa hiyo chukua urefu wa uwanja, ongeza fimbo mbili. Chukua upana, ongeza fimbo mbili. Meza ndogo inadai sakafu ya mita 4.92 kwa 3.93. Meza kubwa inadai mita 5.48 kwa 4.21. Tofauti ni sentimita 56 upande mmoja na sentimita 28 upande mwingine. Kwa eneo ni mita za mraba 19.3 dhidi ya 23.1. Uwanja umeongezeka kwa asilimia 65, chumba kimeongezeka kwa asilimia 19 tu. Nafasi yote inayolalamikiwa haifiki mita 4 za mraba, yaani meza moja ya plastiki na viti vyake vinne. Ukiongeza nafasi kidogo kila upande ili mtu apige kwa raha, tofauti ile ya sentimita 56 na 28 inabaki vile vile.

Hesabu hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu inafichua jambo ambalo tumelizoea: baa zetu nyingi hazijawahi kuipa hata meza ndogo nafasi yake. Meza imesukumwa pembeni mwa banda, huku ukuta, kule nguzo au kreti za bia. Ndiyo maana unakuta ile fimbo fupi iliyokatwa ikiegemea ukutani. Mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, ukisimama karibu na ukingo wa upande wa ukuta, kijana anaichukua hiyo fupi, anainua mkono wa nyuma hadi usawa wa bega na kuupiga mpira kwa juu. Mpira unaruka kidogo, unapinda, unakosa. Waliokaa wanasema hajui kulenga, kumbe ukuta ndio uliomnyima pigo. Mwenye baa anayesema hana nafasi ya meza kubwa anasema kweli, ila ukweli kamili ni kwamba hana nafasi ya pool.

Sasa tuje kwa mchezaji. Shimo la kona kwenye meza ya mashindano lina mdomo wa sentimita 11.4 hivi, na mpira una kipenyo cha sentimita 5.7. Kwa hesabu nyepesi, mpira unaweza kukosea katikati ya shimo kwa sentimita 2.8 kila upande na bado ukaingia. Kosa la nyuzi moja katika njia ya mpira, likisafiri mita moja, linakuwa sentimita 1.75. Unaingia. Kosa hilo hilo likisafiri mita mbili linakuwa sentimita 3.5. Unagonga taya la shimo na kurudi. Kijana aliyekulia kwenye meza ndogo amekuwa na kosa hilo muda wote na hakuwa na njia ya kulijua, kwa kuwa mipigo yake mingi haifiki mbali. Meza ilimficha. Siku anapokutana na futi 9 anajiona amerogwa, wakati mkono ni ule ule wa jana.

Kuna na suala la mpira mweupe. Kwenye meza nyingi za sarafu za mtindo wa Uingereza, mweupe hufanywa mdogo kuliko mingine ili ukitumbukia shimoni mashine iutambue na kuurudisha: milimita 47.6 dhidi ya 50.8. Tofauti inaonekana ndogo, ila kwa uzito ni kama asilimia 18. Mpira mwepesi ukigonga mzito unarudi nyuma kirahisi na kusonga mbele kwa shida. Mchezaji anajenga hisia ya mkono juu ya mipira isiyolingana. Kwenye meza kubwa mipira yote ni milimita 57.15, uzito mmoja, na hisia hiyo inabidi ajifunze upya. Anayeanza mapema atavuka. Anayekutana nayo ukubwani, siku ya mashindano, ana kazi.

Upande wa pili una haki yake, na hapa watetezi wa meza kubwa hukosea kwa kuongea kama walimu. Meza ndogo si ya watoto. Mipira 15 na mweupe wake kwenye eneo dogo namna ile hubanana, na kuifungua mibanano bila kujiharibia kunataka akili ambayo mchezaji wa futi 9 mara nyingi hana. Meza za mtindo wa Uingereza zina mashimo finyu yenye midomo ya mviringo, yasiyosamehe mpira unaokuja kwa kasi. Isitoshe, blackball, mchezo wa meza ndogo wenye kanuni zake, una mashindano ya dunia chini ya shirikisho la dunia la pool, WPA, na ndio ulioota mizizi sehemu kubwa ya Afrika. Pool ya Tanzania yenyewe ilijulikana kupitia meza hizo: mashindano ya Safari Pool yaliyodhaminiwa na kampuni ya bia ya TBL yaliwatoa wachezaji mikoani, kwenye klabu za baa, hadi fainali za taifa. Kuzitupa meza ndogo kungekuwa kuukata mguu tuliosimamia. Sijui mtu makini anayependekeza hivyo, lakini woga wenyewe unaeleweka.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Meza ya sarafu inalipwa kwa gemu, na gemu fupi ndilo linaloleta faida: mshindi anabaki, aliyeshindwa anakaa, anayefuata anatia sarafu, na wanaosubiri wanaagiza vinywaji. Kwenye meza kubwa wachezaji wa kawaida wanakosa zaidi na gemu linavutika. Ukiweka bei ile ile ya gemu, kwa saa moja utapata kidogo kuliko mwenzako mwenye meza ndogo. Kwa baa, basi, mwenye baa yuko sahihi. Meza kubwa inataka kulipiwa kwa saa, na kulipia kwa saa kunataka mteja aliyekuja kucheza, asiyepitia pool akisubiri nyama choma.

Na Dodoma ina masharti yake. Huu ni mkoa mkavu, na kiangazi upepo unabeba vumbi hadi ndani ya vikombe. Kitambaa cha meza kikinywa vumbi mpira unapunguza mwendo. Kwenye meza ndogo utaongeza nguvu kidogo na maisha yataendelea. Kwenye futi 9 ile nguvu ya ziada ndiyo inayokula usahihi, na meza iliyokusudiwa kufundisha mkono mtulivu inafundisha kubamiza. Meza kubwa chini ya banda lililo wazi ni hasara, iwe Dodoma mjini, Manyoni au Singida. Inahitaji kuta, madirisha yanayofungika na mtu wa kupiga brashi kila siku. Jiwe lake la chini ya kitambaa, kwa kawaida vipande vitatu vyenye unene wa milimita 25 na zaidi, lina uzito wa kilo 250 kwenda juu. Meza ya baa vijana sita wanaipakia kwenye kirikuu, gari dogo la mizigo, na kesho inachezwa mtaa mwingine. Meza kubwa inafungwa na fundi anayejua kuunga mawe na kuyasawazisha, na ikishakaa imekaa.

Lakini tazama masharti hayo yanatupeleka wapi: ukumbi uliofungwa, unaolipiwa kwa saa, usioishi kwa bia. Hapo ndipo naona faida ambayo haizungumzwi. Pool kwetu imebeba sifa mbaya kwa sababu ya mahali inapochezewa. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwataka wakuu wa mikoa wasiwaache vijana wanaoshinda kwenye pool saa za kazi, na tangu hapo msako wa asubuhi limekuwa jambo la kutarajiwa. Binti anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na anayetaka kujifunza mchezo huu aende wapi leo? Baa, usiku, katikati ya walevi. Mzazi yeyote atakataa, na atakuwa na haki. Ufilipino si nchi tajiri, lakini Efren Reyes, bingwa wa dunia wa mipira tisa mwaka 1999, alikulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake mjini Manila, akisimama juu ya kreti za soda ili aifikie meza. Kilichomlea kilikuwa ukumbi ambao mtoto anaweza kushinda humo akipiga mipira.

Dodoma ya sasa ina watu wa kuujaza ukumbi wa namna hiyo. Jiji limejaa watumishi waliohamia na Serikali, wanafunzi na vijana wa Kisasa na Ipagala ambao jioni zao hazina pa kwenda zaidi ya baa. Ukumbi mmoja wenye meza mbili za futi 9 na mbili za futi 7, mchana bei ya wanafunzi, jioni bei kamili, ungewapa wachezaji wa mtaani mahali pa kupima mikono yao bila kuwanyang'anya meza zao. Baa ziendelee na sarafu. Atakayeanza asinunue meza kabla hajapata chumba: akichukua fremu mpya ya biashara Makole au Area D, aingie na futi kamba, apime mita 5.8 kwa 4.5 kwa kila meza, ahesabu pia nguzo za katikati, ndipo azungumze kodi na mwenye nyumba.